Bomba Halina Mawazo

Nilitoka nyumbani saa nne asubuhi, jua likiwa limeshapanda, kwa sababu kwetu hakuna msafiri anayewatangulia ndovu. Kijiji chetu kiko nyuma ya mlima wa Kasigau, na njia ya kwenda barabara ya lami ilikuwa yao kabla haijawa yetu. Wao hupita alfajiri wakitoka kunywa maji. Sisi hupita baadaye, tukiruka mavi yao ambayo bado yanatoa mvuke. Hata mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa huwasubiri wamalize.

Mama hakunisindikiza. Alisimama penye ua wa miiba, akakaza leso yake, akasema neno alilolisema kila nilipoondoka: "Nenda salama, baba. Lakini ukifika huko usinipe presha."

Nikacheka. Kwetu kila mtu alikuwa na neno hilo mdomoni. Mbuzi wakiingia kwenye mahindi, ni presha. Mtoto akichelewa kutoka shule, ni presha. Mtu akianguka akafa, watu waliuliza aliambiwa nini, maana lazima kuna habari mbaya iliyompandisha presha. Sikujua kwamba neno hilo dogo lingenifuata ng'ambo, na nusura linichukulie mama.

Nilikuwa nimeondoka mara nyingi. Tangu nimalize kidato cha nne nilikata mkonge, nikabeba magunia Mombasa, nikalinda ghala Juba. Miguu yangu haikujua kutulia, na bado kila nilikofika nilisimulia habari za nyumbani mpaka watu wakachoka nami. Safari ya Doha ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote. Pikipiki hadi Maungu, basi hadi Nairobi, kisha majuma matatu nikilala kwenye sakafu ya binamu yangu nikingoja karatasi. Siku moja katika hayo majuma nilipelekwa kupimwa. Walinipima damu, mkojo, macho na kifua, wakanifunga mkono na kusoma presha, wakasema kila kitu ni sawa. Kati ya asubuhi na saa saba mchana nilipimwa vitu vingi kuliko watu wa kijiji chetu wanavyopimwa maishani mwao. Nilipimwa ili nikalinde mlango wa watu wengine. Nilikaa na wazo hilo ndani ya ndege mpaka tukaona taa za Ghuba.

Nilidhani najua joto. La Doha lilinikaribisha kama mtu aliyefungua tanuri. Lakini kazi yangu ilikuwa ya baridi: ukumbi wa jengo la vioo huko West Bay, ambako nilivaa sweta miaka sita huku nje watu wakiungua. Niliandika majina ya wageni kitabuni, nikaangalia vitambulisho, nikafungua mlango. Nililala Muaither, katika chumba nilichogawana na dereva mmoja Mganda, Mwislamu mcheshi aliyependa kunisikiliza na kunidhihaki. Ni yeye aliyenipa jina la Mzee wa Ndovu.

Kila Ijumaa nilimpigia mama. Bondeni kwetu mtandao haufiki, kwa hiyo alipanda juu ya mwamba ulio nyuma ya shamba la mjomba, akakaa hapo na simu yake ya kabambe, ile ndogo ya vitufe, akiningoja. Mwaka wangu wa pili, jirani yetu, mwanamke anayefanya kazi ya afya kijijini, alipita nyumba kwa nyumba na mashine. Akampima mama, akakuta presha iko juu sana. Mama akaenda zahanati, mwendo wa karibu saa tatu kwa miguu, akarudi na tembe kwenye kikopo.

Sisi watoto tukafanya tulilojua. Tulikubaliana kwamba mama asiambiwe habari mbaya hata moja. Nilipozimia kwenye maegesho mwezi wa saba, nilimwambia nimenenepa. Niliponyimwa likizo, nilimwambia nimeombwa nibaki kwa sababu napendwa kazini. Krismasi tatu zilipita nikiimba wimbo huohuo. "Kila kitu ni sawa, mama." Naye alicheka huko mwambani, nami nikajisifu kwamba nimekuwa dawa.

Ijumaa ambazo sikuwa kazini nilikwenda Fereej Bin Mahmoud, kwenye nyumba ya wauguzi watatu Wakenya. Baada ya ibada walipika ugali na sukuma wiki, na mlango ukabaki wazi kwa yeyote aliyekumbuka kwao. Mmoja wao alikuwa mwanamke wa Kitui, umri wangu, mpole wa sauti na mkali wa macho. Kabla ya kuja Doha alikuwa amefanya kazi miaka minane peke yake katika zahanati ya kijijini. Yeye ndiye aliyezalisha, yeye ndiye aliyetoa dawa, yeye ndiye aliyefagia. Sasa alikuwa katika hospitali yenye sakafu unayoweza kujiona uso ndani yake, lakini alipozungumza, mifano yake yote ilitoka kwenye ile zahanati ya mabati.

Siku moja nilikuwa nikijigamba jikoni kwao.

"Mama yangu alikuwa na presha," nikasema, "lakini sasa amepona kabisa."

Muuguzi alikuwa akisonga ugali. Mwiko ukasimama.

"Amepona? Nani amesema?"

"Yeye mwenyewe. Tunamchunga, sista. Hatumwambii jambo baya."

"Na dawa?"

"Anameza."

"Umejuaje?"

"Ameniambia."

"Kaka, wewe si soja? Mtu akikwambia tu mlangoni kwamba ana kitambulisho, unamfungulia?"

Mganda, niliyekuwa nimemleta siku hiyo, akapiga meza kwa kicheko. "Amekushika, Mzee wa Ndovu! Leta kitambulisho!"

Muuguzi hakucheka. "Ukimpigia, usimwulize kama anameza. Mwambie aje na kikopo, akuhesabie zilizobaki."

Ijumaa iliyofuata mama alipanda mwambani na kikopo chake. Hata kabla hajahesabu nilikisikia. Alikitikisa karibu na simu kwa fahari, kikalia kama kayamba.

"Mama, mbona ziko nyingi hivyo?"

"Nazitunza, baba. Ni za siku mbaya."

"Siku mbaya gani?"

"Siku ya mawazo. Ndovu walipovunja tangi la maji, nilimeza moja. Mjomba wako alipofiwa, nilimeza mbili. Lakini wewe unaniletea habari njema kila Ijumaa. Presha itatoka wapi?"

Nilikuwa nimesimama kwenye kituo cha basi, jasho likinitoka, nami nilihisi baridi kama niko ukumbini. Kila uongo mtamu niliomwambia ulikuwa umebana mfuniko wa kile kikopo.

Ijumaa ya pili yake, jikoni kwao, Mganda akiwapo, nilimweleza muuguzi nikitegemea aseme mama ni mjinga, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kufikiri hivyo. Alinikata mapema.

"Usimwite mjinga. Zahanati ni mbali kiasi gani?"

"Kwenda na kurudi ni siku nzima. Na wakati mwingine unakuta mlango umefungwa, muuguzi amekwenda mjini kuchukua dawa."

"Basi mtu anayeipata dawa kwa shida hivyo, ataimeza siku ambayo haumwi popote? Hiyo kwake ni kama kuwasha taa mchana. Mama yako amefuata maneno kama yalivyo. Presha ni mawazo, dawa ni ya presha, basi dawa ni ya mawazo. Hesabu yake haina kosa. Neno ndilo bovu, na ni sisi wauguzi tuliompa." Akaongeza unga kwenye sufuria. "Hata mimi nililisema miaka minane. 'Punguza mawazo, mama, presha itashuka.' Sijui wangapi walikwenda nyumbani wakafunga vikopo vyao."

Nimekutana na watu wengi wenye elimu katika kuzunguka kwangu. Wachache wamekubali kosa lao jikoni, mbele ya soja na dereva, huku mikono yao ina unga.

Kisha akauliza swali ambalo sikulielewa. "Kwenu maji mnatoa wapi?"

"Mlimani. Yanakuja kwa mabomba."

"Mabomba hupasuka?"

"Kila mara."

"Vizuri," akasema. "Mpigie mama."

Niliweka simu mezani ili sote tusikie. Upepo wa mwambani ukajaa jikoni.

"Shikamoo, mama," akasema muuguzi.

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa wapi?"

"Wa Kitui, mama."

"Kitui! Basi unajua ukame."

"Tumekua nao nyumba moja."

Mama akacheka. "Umeolewa?"

Mganda akaziba mdomo kwa mkono. Muuguzi akajibu, "Nina mume na watoto watatu, mama."

"Haya," akasema mama, sauti ikishuka kidogo. "Basi sema ulilotaka kusema."

"Mama, nasikia mna mabomba kutoka mlimani. Hupasuka saa ngapi?"

"Alfajiri. Mifereji yote imefungwa, watu wamelala, maji yanasukuma yanakosa pa kwenda."

"Bomba hulia kwanza? Hutoa dalili?"

"Halitoi. Unaamka unakuta matope."

"Na siku hiyo lilipopasuka, mama, bomba lilikuwa na mawazo?"

Mama akaangua kicheko kirefu ambacho sikuwa nimekisikia tangu utoto wangu. "We mtoto wa Kitui! Bomba halina mawazo!"

"Basi ndani yako kuna mabomba, na damu inayasukuma kwa nguvu mno. Inasukuma ukiwa na huzuni, inasukuma ukiwa unacheka kama sasa. Hutaisikia. Ile tembe haiondoi mawazo, mama. Inalegeza maji. Ni ya kila siku, siku ya harusi na siku ya matanga."

"Kila siku? Hata mwanangu akiniambia yu mzima?"

"Hata akikwambia amekuwa gavana."

Mimi nilidhani yameisha, nikanyoosha mkono kuchukua simu. Ndipo mama akasema polepole, "Basi kama presha si mawazo, hakuna haja ya kunificha mambo. Baba, uko hapo? Hebu niambie yote uliyonificha."

Nilitazama sufuria. Nilitazama dirisha. Watu wawili walikuwa wakinisikiliza, na mmoja wao kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Nikamwambia mama. Kuzimia, likizo, zile Krismasi, na kwamba kila jioni nikitoka kazini naukumbuka ule mlima hadi kifua kinauma. Hakupiga kelele. Alisema "Mm" kila baada ya jambo, kama anayepokea vyombo na kuvipanga kabatini.

"Na mimi nina langu," akasema nilipomaliza. "Wakati wa mvua mwiko ulinianguka mkononi. Mkono wa kulia ukawa kama si wangu. Mdomo ukaenda upande. Ilipofika mchana vyote vilirudi. Nikamwambia jirani asikwambie, usije ukapata presha huko uliko."

Muuguzi alikuwa ameshaichukua simu. Uso wake ulibadilika, ukawa wa kazini. "Mama, umenisikia? Hilo lilikuwa bomba likivuja. Huwa linavuja kabla ya kupasuka. Uende hospitali kubwa, Voi, wiki hii hii. Na leo, ukishuka hapo mwambani, meza ile tembe kama zahanati walivyokuandikia. Si mbili kwa ajili ya jana. Ni hiyohiyo ya leo."

Wiki hiyo ndovu walikuwa wameifunga njia. Kulikuwa na kiangazi, na kundi lenye watoto lilikuwa limekaa kwenye bonde kati ya kijiji na barabara, halitaki kuondoka. Pikipiki hazikuthubutu. Nilijua hayo kutokana na ujumbe wa sauti wa yule jirani yetu mhudumu wa afya, ambaye sasa alikuwa akiwasiliana na muuguzi moja kwa moja kwa simu ya kugusa aliyopewa kwa kazi yake. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mjane, mwenye baiskeli isiyo na breki. Hakuwa na muda wa kukaa na kurekodi, kwa hiyo alirekodi akitembea, na ujumbe ukanifikia alipopata mtandao. Nilikaa kitandani Muaither nikisikiliza pumzi yake, ndege wa kwetu, na viatu vyake kwenye changarawe.

"Kaka, usiwe na hofu," ujumbe mmoja ulisema. "Nimepata wanawake kumi na mmoja. Kila mmoja ana debe. Tunatoka kesho jua likiwa juu, mama yako katikati. Tukipiga madebe, ndovu watasogea. Wasiposogea tutarudi, twende tena keshokutwa."

Kesho yake nilikuwa ukumbini. Niliandika jina la mgeni mmoja mara mbili, nikamwachia mwingine apite bila kumwuliza lolote. Saa nane mchana ujumbe ukaja. Kwanza nilisikia madebe, kwa mbali, kisha yakifa moja moja. Kisha sauti yake, amechoka, anacheka: "Tumefika lami! Ndovu mmoja alitutazama hivi, kama mwalimu mkuu. Mama yako akampungia mkono. Ule wa kulia!"

Nilikwenda chooni nikaosha uso.

Voi walimpima, wakambadilishia dawa, wakamwambia amewahi. Tangu siku hiyo jirani yetu alipita kwake kila asubuhi kwa mwezi mzima. Halafu akaichukua hadithi ya bomba akaizungusha kijiji kizima. Kuna wazee waliokuwa wamezika tembe zao kwenye mitungi. Kuna mwanamke aliyekuwa akimgawia mumewe nusu kila walipogombana, ili wote wawili wapoe. Jirani hakumcheka mtu. Aliuliza tu, "Bomba lina mawazo?" na watu wakajicheka wenyewe. Sasa wakikutana njiani, baada ya kuulizana hali na mbuzi, huulizana, "Umemeza ya bomba?" Muuguzi alipoyasikia hayo katika ujumbe wa sauti wa jirani, akaomba urudiwe, akausikiliza mara tatu. Akasema, "Yule jirani yenu ni muuguzi kuliko mimi. Mimi nina mashine. Yeye ana miguu."

Sikubaliani naye kabisa. Mmoja alipata neno, mwingine akalibeba kwa miguu kati ya ndovu. Kama mmoja wao asingekuwepo, mama angekuwa kaburini na kikopo kimejaa.

Nilibaki na miezi minane kwenye mkataba. Ijumaa moja nikiwa Fereej Bin Mahmoud, muuguzi alitoa mashine yake ndogo akasema, "Mkono."

"Mimi? Nilipimwa nikija. Nilikuwa sawa."

"Hiyo ilikuwa zamani. Mkono, kaka."

Akasoma, akaandika namba. Ijumaa ya pili, vilevile. Ya tatu akanipa karatasi niende kliniki, na huko wakaniandikia tembe zangu. Miaka hiyo yote nilikuwa nimemlinda mama dhidi ya presha, na ya kwangu ilikuwa ikisukuma kimya ndani ya sweta.

"Sikuwa na dalili yoyote," nilimwambia Mganda.

"Ulitaka bomba likutumie barua?" akasema.

Mkataba ulipoisha, mudir, yaani mkubwa wetu wa kazi, aliniwekea karatasi mpya mezani. Alikuwa mtu mwema na alidhani ananifurahisha. Nikamwambia khalas, imetosha. Akauliza nimepata kazi wapi. Nikasema naenda kukaa karibu na mama yangu, na kwamba kijijini kwetu kuna baiskeli inayohitaji breki. Alicheka bila kuelewa, akanipa mkono.

Siku ya kuondoka ilikuwa Ijumaa. Muuguzi alikuja Muaither akiwa bado na sare za kazini, akanikabidhi mashine mpya ndani ya kisanduku, zawadi ya wale wauguzi watatu kwa jirani yetu. Alinifanya nimpime Mganda mbele yake ili aone kama nimejua. Nilifunga kitambaa vibaya mara mbili. Mara ya tatu akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Ukifika, msalimie mama. Mwambie mtoto wa Kitui bado ameolewa."

Mganda akanipeleka uwanja wa ndege. Njia nzima hakufanya mzaha, na hapo ndipo nilipojua atanikumbuka. Aliponishusha akasema tu, "Mzee, salimia ndovu."

Kwenye ukaguzi askari alikitoa kile kisanduku, akakigeuza, akauliza ni kitu gani. Askari kwa askari, nilimwelewa. Nikamwonyesha jinsi ya kufunga mkononi, akakirudisha taratibu.

Nikiwa nimekaa nikingoja ndege, nilimpigia mama. Alikuwa mwambani. Nilisikia upepo.

"Mama, umemeza?"

"Nimemeza tangu asubuhi. Wewe je?"

Nikakipapasa kikopo changu mfukoni. Kwa haraka ya kufunga mizigo nilikuwa nimesahau.

"Baba," akasema, "usinifiche."

"Bado, mama."

"Basi usikae hapo kunisikiliza. Nenda ukatafute maji."

Nikainuka nikaenda kutafuta maji.